Shaba ndani ya alumini: joto la kuimumunyisha, kuichovya na kuikomaza

Alumini yenye shaba ikishamiminwa na kupoa ndani ya mchanga, bado haijapata nguvu yake. Puli ya mashine ya kusaga, mkono wa winchi ya kuvutia mtumbwi, kishikio cha injini ya boti: vyote hutoka kwenye kalibu vikiwa laini kuliko inavyopaswa. Fundi ameshalipia shaba na mkaa, lakini sehemu kubwa ya faida ya shaba hiyo ameiacha mchangani. Mwongozo huu ni kwa karakana za Mwanza na mwambao wa ziwa zinazojua tayari kuyeyusha na kumimina, na zinataka kumalizia kazi.

Jambo la msingi ni hili: alumini ikiwa ngumu bado lakini ina joto kali, hubeba shaba nyingi ndani yake. Ikipoa, huitema. Tukiipoza ghafla, shaba haipati muda wa kutoka, inabaki imenaswa. Kisha tunairuhusu itoke kidogo kidogo kwa joto dogo, na hapo ndipo ugumu unapopatikana.

Namba hizi zibandike ukutani. Ni kiwango cha juu cha shaba, kwa uzito, ambacho alumini safi inaweza kukimumunyisha ikiwa ngumu:

Nyuzi 548: asilimia 5.65
Nyuzi 500: asilimia 4.05
Nyuzi 450: asilimia 2.55
Nyuzi 400: asilimia 1.5
Nyuzi 300: asilimia 0.45
Nyuzi 200: chini ya asilimia 0.1

Chukua kilo moja ya aloi (mchanganyiko wa metali) yenye asilimia 4.5 ya shaba, yaani gramu 45. Kwenye nyuzi 515 karibu shaba yote inaingia ndani ya alumini. Ukiipoza polepole mpaka 400 na kuiacha itulie hapo, ndani ya alumini zinabaki takriban gramu 14. Ukifika 300 zinabaki gramu 4. Shaba iliyotoka haipotei: inaungana na alumini, atomu moja ya shaba kwa mbili za alumini, na kuwa punje ngumu zinazovunjika upesi. Punje hizo zikiwa kubwa na chache, hazizuii metali kupinda na zinakuwa mahali pa ufa kuanzia. Zikiwa ndogo mno zisizoonekana kwa jicho, nyingi, zimetapakaa kila mahali, metali inakuwa ngumu. Puli mbili za kemia ileile zinaweza kutofautiana nguvu kwa sababu hiyo tu.

Alfred Wilm, mtaalamu wa metali wa Ujerumani, aliliona jambo hili mwaka 1906 alipogundua kuwa aloi aliyoichovya majini ilizidi kuwa ngumu yenyewe siku zilizofuata. Maelezo ya sababu yalitolewa Marekani mwaka 1919, na msingi wake ulikuwa huu huu wa umumunyifu unaopungua joto linaposhuka.

Namba 548 ichukulie kuwa dari. Mchanganyiko wa alumini na asilimia 33 ya shaba huyeyuka kwenye joto hilo, na mchanganyiko huo unakuwepo kati ya chembe (fuwele ndogo zinazounda metali) za kifaa kilichomiminwa hata kama wastani wa shaba yako ni 4.5 tu, kwa sababu sehemu ya mwisho kuganda ndiyo hubeba shaba nyingi. Ukiwa na silikoni kwenye aloi, dari inashuka hadi takriban 525. Ukiwa na shaba pamoja na magnesi ya kutosha, inashuka hadi karibu 507. Kwa hiyo mtu anayekwambia "weka 530" bila kuuliza umeyeyusha skrepa gani, usimsikilize.

Kuijua skrepa

Nyaya za umeme za alumini ni alumini karibu safi. Sufuria kuukuu pia hazina shaba ya maana. Fremu za madirisha zina magnesi na silikoni kidogo, shaba hakuna. Pistoni kwa kawaida zina silikoni karibu asilimia 12, na shaba, magnesi na nikeli karibu asilimia 1 kila moja. Silinda hedi nyingi zina silikoni asilimia 5 hadi 8 na shaba 3 hadi 4, lakini zipo zisizo na shaba kabisa, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Kipimo cha bei nafuu ni kostiki soda, ileile wanayotumia watengeneza sabuni. Vaa glavu na miwani. Pima maji mililita 90, tia soda gramu 10 ndani ya maji (usimwage maji juu ya soda, yataruka). Piga tupa sehemu ndogo ya skrepa mpaka ing'ae, weka tone, subiri dakika 5, suuza. Doa jeusi lisilofutika kwa kidole linaonyesha shaba au zinki. Pakibaki peupe, ni alumini safi au ya magnesi. Kijivu chenye ukahawia ni silikoni nyingi. Kipimo hiki hakikupi asilimia, ila kinakuzuia kuchanganya rundo lisilojulikana, na kuchanganya ndiko kunakoharibu kazi nyingi kabla hata tanuri halijawashwa.

Una njia mbili. Ya kwanza ni alumini safi na asilimia 4.5 ya shaba. Aloi hii inapokea matibabu ya joto vizuri sana, lakini kuimimina ni taabu: huanza kuganda karibu na 645 na kumaliza kwenye 548, na katika safari hiyo ndefu inasinyaa na kupasuka kwenye kona. Inahitaji kona za mviringo na vichwa vikubwa vya kulishia. Ya pili ni silinda hedi zenye silikoni karibu 6 na shaba karibu 3.5, ambazo hutiririka vizuri hata kwenye kuta nyembamba. Karakana inayoanza tunaishauri ishike njia ya pili; njia ya kwanza iwe ya vipande vinene, vya umbo jepesi, vinavyobeba mzigo.

Kuingiza shaba

Shaba huyeyuka kwenye 1085, lakini huhitaji kufika huko. Alumini iliyoyeyuka kwenye 720 hadi 740 huila shaba ngumu mpaka ikaisha, mradi shaba iwe nyembamba na safi. Kwa kilo 10 za aloi ya asilimia 4.5 unahitaji alumini kilo 9.55 na shaba gramu 450. Pima kwa mizani, usikadirie.

Tumia waya wa shaba wa milimita 1 au 2. Uvue ganda kwa kisu. Ukilichoma, moshi wa plastiki unadhuru mapafu na waya unabaki na masizi. Ukate vipande vya sentimita 5, uupashe joto ukingoni mwa tanuri mpaka uwe mkavu kabisa, kisha utie gramu 100 kwa awamu. Shaba ni nzito karibu mara nne kuliko alumini iliyoyeyuka, hivyo inazama na kulala chini ya chungu. Usipokoroga hadi chini kwa dakika 5 nzima, kifaa cha kwanza utakachomimina kitakuwa na shaba kidogo na cha mwisho kitakuwa kigumu na chenye kuvunjika.

Kijiti cha kukorogea kiwe cha grafaiti, au cha chuma kilichopakwa udongo wa mfinyanzi na kukaushwa. Chuma kitupu huliwa na alumini, na madini ya chuma yakiingia hujiunga na shaba pamoja na alumini katika punje ambazo joto la matibabu haliwezi kuzimumunyisha. Shaba iliyonaswa humo imekwenda bure.

Kwa kazi ya kila wiki, tengeneza kwanza aloi mama ya nusu kwa nusu. Yeyusha kilo 1 ya alumini, tia kilo 1 ya shaba kidogo kidogo. Nenda polepole, maana kuungana kwake kunatoa joto kwenyewe na chungu kinaweza kupanda ghafla. Aloi hiyo huyeyuka chini ya nyuzi 600 na ikipoa huvunjika kwa nyundo. Siku ya kumimina, gramu 900 za aloi mama na kilo 9.1 za alumini zinakupa kilo 10 zenye shaba gramu 450, bila kusubiri shaba ngumu izame na kuliwa.

Usivuke 760. Alumini iliyoyeyuka hubeba haidrojeni karibu mara 20 ya ile inayobeba ikiganda, na haidrojeni hiyo hutoka kwenye unyevu. Wakati wa masika hapa ziwani, mkaa, mchanga na hata skrepa vinakuwa na maji. Pasha kila kitu joto kwanza. Vitundu vya gesi visivyoonekana leo vitavimba na kuwa malengelenge ukikipasha kifaa kwa saa 12.

Kuhakikisha kipima joto

Alumini haiwaki nyekundu kwenye joto hili, kwa hiyo jicho halisaidii. Nunua themokapo (kipima joto cha waya) ya aina ya K yenye ganda la chuma, kisha uikague kwanza. Mwanza ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 96. Themokapo inayokusomea 100 kwenye sufuria ya maji yanayochemka hapa imezidisha nyuzi 4.

Ukaguzi wa maana zaidi ni kwenye joto la kazi yenyewe. Yeyusha alumini gramu 670 na shaba gramu 330, koroga vizuri, chovya themokapo, zima moto, uandike joto kila sekunde 10. Joto litashuka, kisha litasimama mahali pamoja kwa muda wakati mchanganyiko unaganda. Hapo ndipo 548. Kama kifaa chako kinasoma 556, andika kwenye mlango wa tanuri kwa chaki: punguza 8. Kipande hicho kitunze, unaweza kukiyeyusha tena kila mwezi kwa ukaguzi uleule.

Kumumunyisha

Tanuri la umeme lenye kidhibiti joto ndilo linalofaa. Mkaa unaweza kutumika, lakini moto usiguse kifaa: weka vifaa ndani ya sanduku la bamba la milimita 6, lenye kifuniko, katikati ya tanuri la matofali mazito. Viinue juu ya vipande vya tofali ili hewa ipite chini. Ncha ya themokapo iguse kipande kinene kuliko vyote. Pima pembe zote za sanduku kabla ya kuliamini. Tofauti ikizidi nyuzi 5 kila upande, panga upya.

Aloi ya shaba 4.5 bila silikoni: 515, saa 12. Aloi ya silikoni na shaba ya silinda hedi: 505, saa 12. Vipande vyembamba vilivyomiminwa kwenye kalibu ya chuma hutosheka na saa 8, kwa kuwa viliganda haraka na shaba yake haijatawanyika mbali. Saa zihesabiwe tangu kipande kinene kifike kwenye joto, si tangu kuwasha.

Saa 12 zinaonekana nyingi mpaka ujue shaba inatembea kwa kasi gani. Kwenye 515 inasafiri ndani ya alumini ngumu takriban sehemu ya ishirini ya milimita kwa saa 12. Umbali kati ya punje za shaba kwenye kifaa cha mchanga ni wa kiwango hicho hicho. Ukitoa kifaa baada ya saa 3, katikati ya chembe bado hakuna shaba ya kutosha.

Na joto dogo halifidiwi kwa muda mrefu. Kwenye 490 alumini inamumunyisha shaba takriban asilimia 3.7 tu. Ukiacha aloi ya 4.5 humo siku mbili, ile asilimia 0.8 iliyozidi itabaki nje vilevile.

Umeme ukikatika katikati ya usiku, usifungue mlango. Ukirudi na joto halijashuka chini ya 500, endelea na uongeze muda uliopotea. Likishuka chini ya 450, shaba nyingi imeshaanza kutoka. Rudia kutoka mwanzo. Kurudia hakuharibu kitu. Kinachoharibu ni kuvuka dari. Dalili yake ni vishanga vidogo vinavyong'aa juu ya kifaa, na ndani yake mipaka ya chembe imekwisha kuyeyuka. Kifaa hicho hakitengenezeki kwa matibabu mengine, kinarudi kwenye chungu. Na kisichovywe majini: metali iliyoyeyuka ikikutana na maji yaliyofungwa ndani hulipuka.

Kuchovya

Kati ya nyuzi 400 na 290 ndipo shaba inapotoka kwa kasi zaidi, na hapo ndipo pa kupitia upesi. Tangu mlango ufunguke hadi kifaa kizame, zisipite sekunde 10. Pipa la maji liwe hatua mbili kutoka tanuri, vifaa viwe kwenye kikapu cha waya chenye mpini mrefu, na mtu mmoja afungue mlango wakati mwingine anatoa.

Maji lita 20 kwa kila kilo ya alumini. Kwa kiasi hicho maji yanapanda nyuzi 5 hivi tu. Pipa la lita 200 linatosha kilo 9 kwa mara moja. Vifaa vilivyomiminwa chovya kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 80, kwani maji baridi hupindisha na hata kupasua kuta zenye unene tofauti. Bamba na vipande vya umbo sahili vivumilie maji baridi. Tikisa kikapu ndani ya maji ili mvuke usishike kwenye uso. Maji ya ziwa yanafaa yakichujwa. Oili usitumie: hupoza polepole mno na huwaka.

Kwa muda wa saa moja hivi baada ya kuchovya, kifaa ni laini. Kama kimepinda, kinyooshe sasa. Ukihitaji muda zaidi, kiweke kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri, ugumu utachelewa kwa siku kadhaa.

Kukomaza

Ukikiacha tu kwenye meza, kwa joto la kawaida la Mwanza, ugumu hupanda siku hiyohiyo na sehemu kubwa huwa imepatikana baada ya siku 4. Kuchovya kwa ghafla kunanasa pia nafasi tupu ndani ya mpangilio wa atomu, na nafasi hizo ndizo zinazoiwezesha shaba kusogea hata bila moto.

Kwa ugumu zaidi, weka kwenye oveni ya nyuzi 155: saa 3 hadi 6 kwa aloi ya shaba 4.5, saa 2 hadi 5 kwa ile ya silikoni na shaba. Oveni ya keki inaweza, ukiweka themokapo yako mwenyewe ndani. Ila isirudi kuokea chakula. Kwa aloi ya 4.5, nguvu ya kuanza kupinda ni kama megapaskali 110 ikikomaa mezani na 165 ikikomaa kwenye oveni.

Wapo wanaopandisha hadi 220 ili wamalize haraka. Ugumu hupanda upesi kweli, lakini kilele chake ni cha chini, kisha unaporomoka kwa sababu punje ndogo zinaungana kuwa kubwa. Kifaa kilichopitiliza hivyo hakirudishwi kwa kupoza. Lazima kianze tena kwenye 515 au 505. Ni sababu ileile inayofanya kulehemu kifaa kilichotibiwa kulainishe eneo lote la pembeni mwa waya. Lehemu kwanza, tibu baadaye.

Kupima matokeo

Chukua gololi ya beringi ya milimita 10. Iweke katikati ya vipande viwili, kimoja kilichotibiwa na kingine cha aloi hiyohiyo ambacho hakijatibiwa, vyote vimepigwa msasa vikawa tambarare. Kaza kwenye vaisi. Nguvu inayobana pande zote mbili ni moja, hivyo alama kubwa iko kwenye kilicho laini. Pima vipenyo kwa vernia. Alama ya milimita 4 dhidi ya 5 inamaanisha kilichotibiwa ni kigumu karibu mara 1.5, kwani unalinganisha vipenyo vikiwa vimezidishwa kwa vyenyewe.

Alama zikilingana, fuatilia kwa mpangilio huu. Je, skrepa ilikuwa na shaba kweli? Rudia kostiki. Je, joto lilifika? Kagua themokapo kwa mchanganyiko wa 33. Je, ulichelewa kuchovya? Hilo la tatu linajionyesha zaidi kwenye vipande vyembamba, maana hupoa hewani kabla ya kufika majini, huku vinene vya kikapu kilekile vikiwa sawa.

Kuhusu ziwani

Shaba inaipa alumini nguvu na inaipunguzia uwezo wa kustahimili kutu. Maji ya Ziwa Victoria ni mapole kwa upande huu, hayana chumvi ya bahari, lakini kifaa kinachokaa majini mchana na usiku bado kitaliwa, hasa kama kilichovywa kwa kuchelewa: shaba iliyotoka hujipanga kwenye mipaka ya chembe na kutu hufuata mstari huo hadi ndani. Panga la injini ya boti na kitu chochote cha chini ya maji kitengenezwe kwa alumini ya silikoni na magnesi isiyo na shaba. Vifaa vya juu ya maji vyenye shaba vipake rangi ya msingi ya zinki fosfeti kisha rangi ya juu, na kwenye bolti za chuma cha pua weka washa za plastiki pamoja na bomba dogo la plastiki ndani ya tundu, ili metali hizo mbili zisigusane popote.